Barua Mbili, Muhuri Mmoja, na Mtu Aliyekimbia kwa Ajili Yangu

Mwenye makosa ni mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu kwa wiki tatu nimesikia jina la mtu mwingine likitajwa kwa ubaya, nami nimenyamaza. Naandika nikiwa na hofu. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Langu silitaji.

Mimi ni mwalimu wa historia. Naishi Section 58 hapa Nakuru, lakini nyumbani kwetu ni upande wa Kariandusi, na mama yangu huishi huko peke yake. Mnajua vile mwalimu hufanyiwa kwetu. Kikundi kikiundwa, kiwe cha kanisa, cha mazishi au cha maji, watu wote wanageuka kukutazama. "Mwalimu, wewe ndio katibu." Ndivyo nilivyopata ukatibu wa mradi wetu wa maji.

Mradi wenyewe ni kisima kimoja, tangi moja, na koki moja yenye kufuli. Anayeshika ufunguo ndiye anayeamua kama maji yataenda kwa mashamba ya kabeji na viazi, au kwa birika la ng'ombe. Wakulima wanaongozwa na Mzee Zakayo, wafugaji wanaongozwa na Mzee Elija. Wote ni wazee wa kanisa moja, na tangu ukame uanze hawakuwa wamepeana mkono. Kila mmoja alitaka ufunguo ukae kwake.

Ufunguo ulikuwa kwa Daudi, mtunza tangi. Ni mtu mpole, hana upande. Alikuwa akiishi na mkewe na watoto wao wawili katika nyumba ya mabati hatua chache kutoka kwa tangi. Kwa kuwa mimi niko mjini, hata muhuri wa mradi alikuwa akiuweka yeye, ndani ya mkebe wa biskuti.

Jumamosi moja nilikuta vijana wa pande zote mbili wameketi kando ya tangi, huku na huku. Wengine walikuwa wakinoa panga. Jamani! Nilijua kuna mtu atazikwa kwa sababu ya maji yale.

Wazee walikataa kukaa meza moja, kwa hivyo nikawa mjumbe wao.

Wiki hiyo nilikuwa nikitayarisha somo la Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikuwa wakipigana na Waturuki na walihitaji Waarabu. Shida ni kwamba marafiki wao wawili, mtawala wa Hijazi na mtawala wa Najd, walichukiana vibaya, na walikuwa wakigombania eneo la mpakani. Waingereza wakatuma wajumbe jangwani, na barua, na maneno matamu. Kila mmoja aliambiwa yeye ni rafiki mkubwa. Mambo ya mipaka, wakaambiwa, yatazungumzwa vita vikiisha.

Nilisoma hayo nikasema, hawa watu walikuwa na akili! Kumbe ujinga ulikuwa unaniingia mimi.

Niliandika barua mbili kwa kompyuta ya shule. Ya Mzee Zakayo ilisema: mvua zikianza, ufunguo utakaa kwako, kwa sasa uache kwa Daudi, na tafadhali usimwonyeshe mtu barua hii, ili mwenzako asione aibu. Ya Mzee Elija ilisema maneno yale yale. Nilibadilisha jina tu.

Sikutia sahihi. Nilijiambia muhuri unatosha, na kweli wazee wetu wanaheshimu muhuri kuliko mdomo wa mtu. Niliugonga mwenyewe pale kwa Daudi, nikafunga bahasha, nikampa azipeleke. Kwa nini sikuzipeleka mwenyewe? Niliogopa kuulizwa maswali.

Siku tatu baadaye panga zilirudi shambani. Nikajisifu! Nilimsimulia mke wangu jioni tukila, pamoja na ile hadithi ya Waingereza.

Akaniuliza, "Na vita vilipoisha, hao Waarabu walielewana?"

Nikacheka. "Wewe kula."

Jibu nililijua. Walipigana, na wa Najd akamnyang'anya wa Hijazi nchi yake, hata Makka. Nililijua na bado nikatuma zile barua.

Mvua ikanyesha. Mzee Zakayo akanipigia simu, sauti imejaa kicheko. "Mwalimu! Mimi na Elija tumesalimiana kanisani. Tunakula nyama Kikopey Jumamosi, na wewe ndio mgeni wetu."

Miezi yote nilikuwa nimeogopa chuki yao. Sasa niliogopa urafiki wao.

Tuliketi nje, mbavu ziko juu ya ubao, wazee wanataniana kama vijana. "Elija, kula pole pole, hiyo meno ni ya kuazima." Nilikuwa nimeanza kupumua Mzee Elija aliposema, "Zakayo, usijali tena maji. Nitakuwa nikikufungulia asubuhi na mapema."

"Unifungulie wewe? Na ufunguo ni wangu?"

"Nani amekwambia?"

Kila mmoja akaingiza mkono ndani ya koti. Barua ya Elija ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya nailoni, kama cheti cha shamba. Wakaziweka kando kando, pale kati ya kachumbari na ugali.

Muuza nyama alikuja na mutura, ile soseji ya matumbo, akarudi nayo.

"Mwalimu," Mzee Zakayo akasema, "hii ni kazi yako?"

Nilisema, "Hakuna sahihi yangu hapo."

"Hata mimi nimeona hivyo. Hii muhuri inakaa kwa nani?"

"Kwa Daudi."

"Na ni nani alileta bahasha?"

"Daudi," Mzee Elija akajibu mwenyewe, polepole. "Ndio abaki na ufunguo. Alikuwa anatuchezea sisi wote!"

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Ndiyo maana silali.

Mchana ule ule vijana wa wakulima na vijana wa wafugaji walienda kwa Daudi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza wao kutembea pamoja. Jirani alimpigia simu kwa wakati. Alitoroka na mke na watoto kupitia machimbo ya mawe meupe, bila hata viatu. Nyumba ilibomolewa hadi msingi.

Sasa wazee ni marafiki. Ufunguo unazunguka wiki kwa wiki. Watu wananishika mkono wakisema, "Mwalimu, umetuletea amani." Amani! Imesimama juu ya mgongo wa Daudi, na vijana wameapa kwamba akionekana hatafika kwa chifu akiwa hai.

Daudi alinipigia simu. Hakunitukana. Alisema, "Mwalimu, wewe unajua. Waambie tu, nirudishe watoto shule." Nilikata simu. Akapiga tena, nikaizima.

Jumamosi hii chifu ameita baraza la kumfukuza Daudi rasmi, na mimi ndiye ninayepaswa kuandika kumbukumbu.

Jana nimemleta mama mjini. Leo asubuhi nimempelekea chifu maelezo ya jinsi barua zile zilivyoandikwa, na safari hii nimetia sahihi. Alisoma mara mbili akaniuliza, "Unajua wale vijana watakufanya nini?" Najua. Kila pikipiki ikipunguza mwendo hapa nje, nainuka kwenda dirishani. Simu nimeiwasha, nimempigia Daudi mara nne, na sasa ni yeye asiyeshika.

Nawaomba ninyi mnaotumwa kupatanisha watu, iwe ni ndugu, majirani au wazee wa kanisa, msifanye nilivyofanya. Andika barua moja tu. Kabla hujaifunga, jiulize kama unaweza kuisoma kwa sauti wale wawili wakiwa wameketi mbele yako. Ukisikia ulimi unakuwa mzito, ichane!