Simpatia na Chai ya Chumvi

Juzi, karibu na uwanja wa ndege, harufu ya mafuta ya ndege ilichanganyika na ya tangawizi, nikakumbuka kibanda cha chai cha mama. Lado, mpakiaji wa mizigo, alikunywa hapo kila alasiri.

Siku moja alimwambia mama, “Wale Warusi wa ndege ya mizigo wana neno, simpatia. Ni kuvutiwa na mtu kabla hujathubutu kusema unampenda.”

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tulipomzika baba. Niliogopa Lado ataninyang’anya mama, nikatia chumvi kwenye glasi yake. Aliinywa yote, akanitazama, kisha akamwambia mama, “Mama Keji, niongeze nyingine.” Nilidhani ulimi wake umekufa ganzi.

Siku hizi namwita Baba, na sukari namtilia mwenyewe.