Sakafu ya Nyumba Kumi na Moja

Ziwa lilipopanda lilimeza avenyu yetu nyumba moja baada ya nyingine. Kwetu lilibomoa ukuta wa mbele na sakafu yote, kisha likarudi nyuma. Majirani walihamia juu mlimani au miji mingine na hawakurudi. Mama yangu, mjane mwenye magoti mabovu na kichwa kigumu, alirudi.

Ukuta tuliuinua tena kwa udongo, lakini kwa sakafu tulikuwa na mfuko mmoja tu wa simenti ya Kabimba, usiotosha hata chumba kimoja. Basi mama akaanza kuzunguka kwenye magofu ya majirani akiokota vigae vilivyovunjika, matofali na vipande vya sahani. Mimi nilimbebea beseni huku nimenuna. Alivipanga sebuleni kwa mikono yake, wiki tatu nzima, akipiga magoti yale yale mabovu. Maua ya sahani yalikaa kando ya kigae cha bafu, bluu kando ya nyekundu. Mimi niliona aibu tupu. Sifichi, ndivyo nilivyoona.

Mwaka huo huo nikaposwa. Kwetu binti hutolewa katika nyumba aliyolelewa. Wakwe huvua viatu na kuketi humo, na mahari hupokelewa humo. Lakini baba mdogo alikuwa na nyumba nzima, yenye sakafu ya kung'aa. Nikamwendea kwa siri, nikamwomba awapokee wageni kwake. Akakubali mara moja. Mama nilimwambia kwamba baba mdogo ndiye aliyeamua.

Hakubisha. Siku yenyewe nilipokwenda kumchukua, nilimkuta ameketi mlangoni na kitenge kipya, kilemba kimefungwa juu, mlango wazi.

"Wewe enda," aliniambia. "Mimi nitangojea wageni wangu hapa."

Nilisimama barabarani nikilia kwa hasira. Halafu nikawaza: nitatolewaje bila mama, kama mtoto wa kuokotwa? Nikampigia baba mdogo simu awalete wageni kwetu. Alifoka sana, lakini akawaleta.

Walivua viatu. Mama mkwe akasita mlangoni, akatazama chini. Niliomba ardhi ipasuke inimeze.

"Mama, nani alifanya hii?" akamwuliza mama yangu.

"Ni mimi."

Mama akaanza kumwonyesha. Kigae hiki kilitoka kwa fundi cherehani. Hiki, bafu la jirani aliyehamia Moba. Sahani hii, ya mkunga aliyemzalisha nilipozaliwa mimi.

"Hapa kuko nyumba kumi na moja," alisema. "Avenyu yetu yote. Ziwa lilibeba, mimi nikarudisha."

Mama mkwe akapita pole pole kwa miguu mitupu, akisoma kipande kimoja kimoja, akikwepa kukanyaga ile sahani. Hakuna aliyemwambia aikwepe. Nilijivunia mama yangu, na nikajionea haya kwa miezi yote ya kununa.

Wazee wakaniita mbele kuniuliza kama mahari ipokelewe. Nikasema nina neno kwanza, nikamgeukia mama mbele ya koo zote mbili.

"Mama, haikuwa baba mudogo. Ni mimi njo nilimwomba. Nilikuwa na haya ya nyumba yetu."

Mama akaniangalia bila kupepesa.

"Nilijua," alisema. "Na nilijua utawaleta hapa. Njo maana nilivala mapema. Sasa jibu wageni."