Kibuyu cha Mama Gati

Silasi alikuwa fundi cherehani wa Iringo, mjini Musoma, jirani yangu wa baraza moja kwa miaka mingi, na tumbo lake nililijua kuliko la kwangu. Aliweza kuiacha suruali ya mtu ina mguu mmoja, akakimbilia uani bila kuaga. Wateja walimwita mvivu. Niliwajibu vibaya, maana mimi ndiye niliyemwona akirudi amejikunja, jasho linamtoka, anajilazimisha kucheka.

Ajabu ni kwamba miaka ya uhaba aliikumbuka kama ndoto tamu. Sisi wengine tuliilaani: sukari hakuna, sabuni hakuna, foleni ya unga tangu alfajiri. Yeye alisimamisha mguu kwenye cherehani, macho yakaelea upande wa ziwa, akaanza kunisimulia ugali wa muhogo na furu, visamaki vya ziwani, wa kuchemsha, asubuhi inapita polepole, tumbo limelala kama mtoto aliyeshiba. Nilimwambia amechanganyikiwa.

Kisha maduka yakajaa, mabasi yakapata mafuta, na Silasi akaanza tena kwenda Butiama kila mwisho wa juma kumwona mama yake, Gati. Mama alikuwa na ng'ombe wachache. Akimwona mwanawe amekonda, alimkamulia kibuyu kizima na kukaa mbele yake mpaka kiishe. Kwao mgonjwa hupewa maziwa. Basi Silasi alirudi Musoma anaumwa, akaenda tena anaumwa, akaongezewa maziwa.

Hospitali hawakuona kidonda wala minyoo. Nesi mmoja, Dafroza, akamweleza kuwa utumbo wake ni mwepesi wa kukasirika, atafute kinachouchokoza. Aache chakula kimoja kwa majuma machache, kisha akirudishe kidogo kidogo aone; na asile mbio mbio. Silasi akaacha chapati, hakuona tofauti, akazirudia kwa furaha. Akapunguza maharage, akapata nafuu kidogo. Ilipofika zamu ya maziwa alishindwa. Kukataa kibuyu cha mama yake kulikuwa sawa na kumkataa yeye mwenyewe, na Gati alikuwa amezeeka, hana mtoto mwingine. Aliogopa kumpoteza angali hai.

Akaona bora asiende kabisa. Tumbo likatulia. Alishona mchana kutwa akiimba kwa kilugha chao, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyerudi kwenye ndoto ile. Hapo nikaelewa: miaka ya uhaba hapakuwa na basi la kumfikisha kwenye maziwa. Lakini Gati akatuma salamu, anauliza amemkosea nini mwanawe. Nilikasirika. Nikamwambia Silasi twende, la sivyo nitakwenda kumsemea mimi.

Tulifika jua limepoa, ng'ombe wanarudi wakitimua vumbi jekundu. Gati akakamua, akaleta kibuyu kina povu. Silasi akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini taratibu.

“Mama, haya yananiumizaga,” akasema. “Siyo wewe. Ni maziwa.”

Gati akawatazama ng'ombe wake. Nilitamani ardhi inimeze.

“Hata mimi siyanywagi,” akasema. “Tangu usichana yananivurugaga. Nilipoolewa hapa nikawa nakataa, wakadhani ni heshima ya mkwe. Nikasema ayanywe mwanangu, yampe nguvu ambayo mimi sikupata.”

Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Silasi akamuuliza, sasa jioni yeye hula nini. Gati akaonyesha chungu jikoni: uji wa mtama uliopoa. Siku zote alikuwa akiunywa peke yake, wageni wakishaondoka.

Silasi akauleta. Kibuyu tukampelekea jirani, kisha mama na mwanawe wakakaa kizingitini wakipokezana kata moja, polepole, giza likiingia. Mtu mzima mwenye mvi, na ndiyo mara yake ya kwanza kumwona mama yake akishiba.