Janti ya Nne ya Mkwe

Mume wangu, Straton Dusabimana, ni mkulima wa maharagwe kama wanaume wengi wa Kingi, lakini ukimuulizia sokoni watakuuliza: yule fundi wa janti? Magari ya wakubwa huvaa janti za alumini, yaani ringi zinazobeba tairi, na barabara zetu za Masisi hazina huruma na alumini. Janti zinafika kwetu zimekwaruzwa na mawe, zimepauka kwa tope, na yeye anazirudisha ziking'aa mpaka mwenye gari anaogopa kuzikanyagisha chini. Karakana hana. Karakana yake ni uwanja wetu na, Mungu anisamehe hasira zangu, jikoni kwangu.

Nieleze kwa nini jikoni. Huku kwetu ukungu unakuja bila kubisha hodi na mvua haina likizo. Rangi ukiipulizia nje saa nne, saa kumi bado inanata. Basi Straton aliangalia ile dari ya miti iliyo juu ya mafiga, pale mama mkwe wangu alipokuwa akikaushia mahindi, akaona ndiyo mahali pa kuning'iniza janti. Mwaka wa kwanza alinining'inizia janti nne zenye vernis mbichi, ile vanishi ya kung'arisha rangi, juu ya chungu cha maharagwe, na maharagwe ya Masisi yanachemka nusu siku. Mvuke ukapanda, vernis ikawa nyeupe kama mtindi. Akaniuliza kwa nini nimepika. Nikamuuliza yeye alitaka tule vernis? Tangu siku hiyo tumegawana: siku ya vernis ni makaa matupu bila chungu, na sisi tunakula viazi vilivyolala.

Kazi hii aliipata Goma, miaka ile tulipokuwa tumekimbia vita. Alikuwa akiosha magurudumu kwa fundi mmoja wa rangi, anaosha na kuiba kazi kwa macho. Tuliporudi, wenzangu walishuka kwenye lori na magodoro na masufuria. Mimi nilishuka na mfuko wa misasa na makopo ya kupulizia. Nililia, nasema kweli. Nilidhani nimeolewa na mtu aliyerukwa na akili.

Lakini mtu huyu akishika janti, hata mimi ninayegombana naye kila siku huwa nanyamaza. Hana haraka. Kwanza anaifunga kamba na kuitundika kwenye mparachichi, anaigonga kwa mpini wa nyundo, anasikiliza. Janti nzima inalia kama kengele na sauti inachelewa kufa. Yenye ufa inasema "pu" na kunyamaza. Ndipo anaiosha, anaisugua kwa msasa na maji, mkali kwanza kisha laini, anaziba mikwaruzo kwa mastiki, anasugua tena mpaka kidole kisijue palipokuwa na kidonda. Kabla ya rangi anachana maganda makavu ya mgomba na kuyapachika kati ya tairi na janti, pande zote, ili rangi isiguse mpira. Watu wanacheka gurudumu lililovaa sketi. Yeye anaendelea.

Na jambo moja ambalo kila mteja alilijua: janti yenye ufa Straton haipaki. Anakuonyesha ufa, anakurudishia janti yako, mnaachana kwa amani. "Rangi inafunika, haiponyeshe," anasema, halafu anaendelea na msasa wake.

Sasa nije kwa Aurélie, mtoto wetu wa kwanza. Alichumbiwa na Samy, kijana wa Burungu, wa nyumba ya Papa Sébastien Nzabandora mwenye ng'ombe na jibini. Ng'ombe wa mahari walikuja, tukawapokea, siku ya kanisa ikapangwa. Wiki chache kabla ya harusi, lori la jibini likasimama mbele ya nyumba yetu na kushusha magurudumu manne ya jipu ya Nzabandora. Jipu yenyewe alikuwa ameiacha Burungu imekaa juu ya mawe. Dereva wa lori akatupa ujumbe wa mkwe neno kwa neno: "Hii gari njo itabeba mutoto wako. Nataka mukono yako ikuwe juu yake."

Heshima gani hiyo! Sokoni nilitembea shingo juu. Straton alizigusa zile janti taratibu, kama anavyomshika mtoto mchanga.

Kwa furaha hakuzigonga. Ndiyo mara pekee niliyomwona akianza kusugua bila kusikiliza. Mtu hatafuti kasoro kwenye kitu cha mkwe, hata moyoni. Tatu zikaisha, zikakauka, zikang'aa. Ya nne, tukiwa tayari wiki ya harusi, alipoanza kuisugua upande wa ndani, msasa ukaanza kutoa vumbi jeupe la mastiki mahali ambapo hapakuwa na sababu ya mastiki. Akaendelea. Chini ya mastiki kulikuwa na mshono wa zamani wa kuchomelea, na kutoka kwenye mshono ulitoka ufa mwembamba uliopanda mpaka karibu na mahali pa kufungia boliti. Akaivua tairi, akaitundika mtini, akaigonga. Ikasema "pu".

"Mama Aurélie," akaniita. "Kuya uone."

Nikaona unywele tu. "Hii kidogo hivi?"

"Kidogo hivi, lakini imetembea. Mwenye aliuzisha hii gari alifunika. Papa Samy hajue." Akafuta vumbi kwa kidole. "Gari itajaa bantu. Ile miteremuko ya Burungu na mvua... Hii itapasuka, na ni Aurélie njo atakuwa ndani."

"Basi umwambie."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa aende kanisani bila suruali. Na mimi nilijua kwa nini. Kwetu, upande wa msichana haurudishi kitu cha wakwe ukitaja kasoro yake. Wakileta ng'ombe anayechechemea, unasema ana macho mazuri. Ukiwa na neno, linapitia kwa mshenga, na mshenga analizungusha na kulilainisha mpaka linafika limekuwa ombi. Jirani yangu Francine, baba yake hakusubiri mshenga. Alimwambia mkwe uso kwa uso kwamba ndama aliyeletwa ni mgonjwa. Ndama alikuwa mgonjwa kweli, na akafa. Lakini Francine ana wajukuu sasa, na kwa mume wake bado anaitwa binti wa wale wanaochungulia meno ya zawadi. Kila akipika, kuna mtu anauliza kama amehakikisha nyama ni nzima.

Na mshenga wetu, Papa Byamungu, alikuwa amekwenda Walikale kufuata mafuta ya mawese. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji nyuma yake, na simu yake haikupatikana. Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo.

"Ita Samy kando," nikasema.

"Nimuambie Samy kama baba yake ameniletea kitu ya kuua bibi yake?"

Nilikasirika, na sikuzificha hasira zangu. "Kwa hiyo adabu iko kubwa kupita mutoto?"

Mvua ilianza, tukaingia jikoni. Aliketi kwenye kigoda na janti katikati ya magoti, akipitisha kidole juu ya ule ufa, anakwenda anarudi. Nilijua anachopima. Akinyamaza na kuipaka, hakuna macho yatakayoona, na sisi tutakaa tukisubiri habari za barabarani. Akisema, Aurélie ataingia katika nyumba ile akiwa tayari ana jina. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika mkono. Nikamenya viazi.

Mvua ilipokatika, akainuka, akatoka nje na janti mpaka kwenye lile jiwe kubwa tunalonolea majembe. Nikamfuata mlangoni. Akaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akaiachia. Ikadunda, ikabingirika mpaka kwenye maboga. Akaifuata, akaileta, akaiinua tena. Safari hii ilipasuka pale pale kwenye mshono, kipande kikaruka. Akaokota tope, akalipaka juu ya mastiki ya zamani, taratibu, kwa uangalifu ule ule anaopakia rangi.

"Straton! Uko nafanya nini?"

"Imeniponyoka," akasema. "Umeona? Imeniponyoka mukono."

Nikaelewa. Nikakaa chini pale mlangoni, kwenye unyevu, na sikuweza kugomba.

Papa Nzabandora alikuja mwenyewe kesho yake pamoja na Samy. Ni mtu mrefu, maneno yake machache. Aliziangalia zile tatu na uso ukamfunguka. Kisha mume wangu akaleta ya nne, akaiweka chini, akavua kofia.

"Papa Samy, nakuomba musamaha. Hii nimeiharibu. Iliniponyoka, ikaanguka juu ya jiwe. Kosa iko yangu mimi peke."

Samy alisonya, halafu akakumbuka yuko kwa nani. Baba yake aliinama, akaitazama ile janti muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Ilianguka?"

"Ilianguka, Papa."

"Kitu inaangukaka," akasema mwishoni. "Tutavalisha gari ile gurudumu ya akiba." Akaichukua ile iliyovunjika pia, na kipande chake. "Siku nitashuka na jibini, nitaipeleka kwa soudeur wa Sake. Pengine ataiunganisha."

Niliuona uso wa Straton. Mtu anayechomelea vyuma kila siku hawezi kudanganywa na tope.

Aurélie aliolewa Jumamosi. Jipu ilifika kanisani na magurudumu matatu yaking'aa na moja la chuma, jeusi, lenye kutu pembeni. Nani asingecheka? Walicheka mpaka wanakwaya. Baba wa bibi harusi, fundi wa janti, gari la binti yake mwenyewe linachechemea! Straton alicheka pamoja nao, akacheza, akatoa baraka. Gari liliteremka, likapanda, mtoto wetu akafika Burungu salama, na usiku huo nilimshukuru Mungu kwa gurudumu lenye kutu.

Lakini kicheko hakikwenda na harusi. Sokoni wakampa jina: Papa Angusha. "Mama, bwana yako leo ameangusha nini?" Mwanzoni ilikuwa mzaha, na mzaha mimi nauweza. Kisha mfanyabiashara mmoja akatuma mtu kuchukua janti zake ambazo hazijaguswa. Mwingine aliyekuwa ameahidi akapita na gari lake moja kwa moja mpaka Goma. Dari yangu ya jikoni ikabaki wazi. Nilikuwa nimeililia dari hiyo miaka yote, nikaipata, nikaning'iniza mahindi, na kila nikiinua macho nilisikia uchungu. Straton alikwenda shambani na jembe kama wengine. Jioni alikaa akikunja msasa uliochakaa na kuukunjua.

Siku moja sikuvumilia. "Nitaenda pale katikati ya soko, niwaambie bote."

"Ukisema, umemusema Papa Samy. Na Aurélie iko kwake, sasa ana mimba." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Jina yangu ni yangu. Nimeitumia mahali nilitaka."

Nilinyamaza kwa sababu ya mtoto. Nilinyamaza vibaya, nikipiga masufuria.

Maharagwe yakiwa yameshavunwa, Jumapili moja watu wakitoka misa, jipu ya Burungu ikasimama mbele ya kanisa. Magurudumu yote manne yalikuwa ya chuma, meusi. Nikaogopa, nikadhani ni habari ya Aurélie. Papa Nzabandora akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akateremsha zile janti tatu, moja moja, akaziegemeza kwenye ukuta wa kanisa. Bado ziling'aa. Mume wangu alisimama karibu nami, kofia mkononi.

"Papa Aurélie!" mkwe akaita, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata waliokuwa wameanza njia wakageuka. "Nimekuletea hizi tatu zenye zilibakia. Uziangalie muzuri. Yenye utaona haifae kutembea na batoto yangu, uiangushe na yenyewe."

Wachache walicheka, kwa mazoea. Kisha kicheko kikakwama, nikaona watu wanatazamana. Mtu uliyemvunjia janti anakuletea zingine kwa hiari yake, mbele ya parokia nzima, na anakuomba uvunje?

Nzabandora alikuja mpaka kwetu. Alimpa mume wangu mkono, na kwa mkono wa pili akashika kiwiko chake mwenyewe, jinsi mtu anavyosalimia mkubwa wake. Akainama, akasema polepole, mimi nikasikia kwa sababu nilikuwa karibu:

"Soudeur wa Sake anakusalimia."

Straton aliangalia chini. "Iko muzima, yule fundi?"

"Iko muzima. Anasema mimi niko na mukwe wa kweli."

Hakuna neno jingine walilosema juu ya jambo hilo, na sidhani watalisema. Straton alivaa kofia, akainua janti ya kwanza begani. Mkwe akachukua ya pili. Ya tatu ilibaki ukutani, watu wakiitazama tu, basi nikaibingirisha mimi mwenyewe mpaka nyumbani, na kitenge changu cha Jumapili, nikilia njiani bila kumficha mtu.