Sahani Iliyorudi Tupu

Mama Didier alikuwa msafishaji katika gereza la zamani, lile la kilimani karibu na Hillbrow, jijini Johannesburg, ambalo siku hizi ni makumbusho. Watu hukata tiketi, huchungulia seli, hupiga picha, kisha huenda kutafuta kahawa. Mwanzoni jambo hilo lilimkera kupita kiasi. Kwao Bujumbura, mtu hakwenda gerezani kutembea. Alikwenda na sahani.

Ndivyo alivyofanya mwishoni mwa mwaka 2015, mwanawe Didier alipokamatwa. Mfungwa aliyetegemea chakula cha humo ndani alilala njaa, kwa hiyo kila mchana mama alipeleka ugali na maharage langoni, na jioni akarudishiwa sahani. Ikirudi tupu, alijua mwanawe yu hai. Siku ya kumi na tisa ilirudi imejaa, haijaguswa, na askari akamwambia, "Usilete tena." Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo.

Alikimbilia Johannesburg kwa binti yake Tania, msusi wa nywele. Miaka ikapita, Tania akimsihi waweke matanga, wamlilie kaka yake kama watu wengine wanavyolia. Mama alikataa katakata.

"Sahani ilikwambia, Mama."

"Sahani haina mdomo."

Mwaka 2018 alikuja bibi mmoja Mrusi, mwalimu mstaafu wa Kifaransa. Alimkuta Mama Didier akipiga deki, akaketi kizingitini kupumzisha magoti, na kwa Kifaransa hichohicho wakaelewana. Baba yake, alisema, alipelekwa kambi ya kazi ngumu enzi za Wasovieti, kaskazini kabisa kwenye theluji, asirudi. Kambi hiyo nayo imekuwa makumbusho.

"Nilinunua tiketi kuingia mahali ambapo baba yangu hakuruhusiwa kutoka," alisema. "Vitanda ni vya mbao, vimepangwa kama rafu za duka. Niliweka mkate juu ya kimoja. Kesho yake nikarudi, nikaukuta ulivyo. Nilikuwa na miaka sabini na moja, dada yangu, na siku hiyo ndipo nilipomlilia."

Maneno hayo yalimkaa rohoni Mama Didier wiki nzima. Ijumaa alipika maharage kama Didier alivyoyataka, bila chumvi, akayachukua kazini pamoja na ugali. Mchana aliiweka sahani katika seli ya mwisho, ambayo wageni hawafiki. Alijiapia kwamba jioni akiikuta imejaa, atakubali, na matanga yatawekwa. Kisha akaenda kufuta vioo.

Saa kumi alirudi. Sahani ilikuwa tupu. Hata mchuzi ulikuwa umekombwa.

Alipiga magoti sakafuni. Alijua fika kwamba yuko Johannesburg, na kwamba maiti hawali, lakini moyo hauna akili. Alimwita mwanawe kwa sauti, mara mbili, na kwa muda huo mfupi alikuwa na mtoto.

Aliyeitikia ni Placide, mlinzi wa zamu, Mkongo mwenye mwili mkubwa na njaa isiyokwisha, ambaye Mama Didier alizoea kumgawia chakula.

"Eish, Mama Didier, pardon! Ni mimi nilikula. Niliona sahani nikasema, leo Mama amenifichia yangu huku, wenzangu wasione." Akacheka. "Kilikuwa kitamu kabisa, ila ulisahau chumvi."

"Didier hapendi chumvi," alisema Mama Didier.

Kicheko kilimkatika Placide. Habari za sahani za Bujumbura alizijua, kama walivyozijua wafanyakazi wote. Alivua kofia yake ya ulinzi, akasimama, asijue pa kuweka mikono. Alitamani angeweza kukirudisha kile chakula.

"Si kosa lako, baba," Mama Didier alimwambia. "Usingekila wewe, ningekikuta palepale, sahani imejaa."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, yale ya miaka mitatu, akalia kwa sauti mpaka wageni wakasimama uwanjani wakitazamana. Alipotulia aliiosha sahani bombani, akaifunga ndani ya kitenge, akampigia Tania simu.

"Waambie watu wa kanisani waje Jumapili. Tunaweka matanga ya kaka yako."

Upande wa pili alisikika Tania. Alikuwa analia tayari.

"Na maharage, mwanangu," alisema mama, "tia chumvi."