Chapati za Jana Mbele ya Wakwe

Enzi zetu Idd haikuisha siku ya Idd. Sisi tuliokulia Msimbu, kule Kisarawe, tulijua utamu wenyewe uko kesho yake, wakubwa wamechoka kutukemea na sufuria bado zina kitu. Gauni la sikukuu limeshapata doa la mchuzi, unalivaa hivyo hivyo, unakwenda kucheza rede ukijua ukirudi kuna chapati ngumu na chai ya tangawizi. Friji tuliziona kwenye kalenda za dukani. Kiporo kilitunzwa kwa moto: Mama alikipasha usiku, akakipasha tena alfajiri, na kila kikipashwa kilizidi utamu. Wanangu hapa mtaani kwetu, Picha ya Ndege, wakipewa wali wa jana wanaunusa kwanza, utadhani mabwana afya.

Idd ninayoikumbuka kuliko zote iliangukia masika. Wakwe kutoka Maneromango walikuwa waje Idd mosi kuleta posa ya shangazi Zuhura, mdogo wake Baba. Posa ya kwanza ilikuwa imevunjika, sababu sikuwahi kuambiwa, na majirani walimtazama shangazi kwa ile huruma inayoudhi. Basi Baba akanunua nyama ya kutosha, Mama akapika pilau la kualika kijiji, tukangoja mpaka magharibi. Kimya. Simu hazikuwapo, na barabara ya Maneromango mvua ikinyesha haina urafiki na mtu. Bibi akasema hao wamebadili mawazo. Shangazi akajifungia chumbani, chakula tukakila sisi na majirani.

Kesho yake mchana wakatokea kwa miguu, matope hadi magotini. Gari lilikuwa limenasa njiani, wakalala kwa watu.

Bibi alimvuta Mama nyuma ya nyumba. Bucha limefungwa, kuku wetu walikwisha kwa ugonjwa wa mdondo, na jikoni zimebaki chapati kavu, mifupa yenye vinyama na ukoko wa pilau.

"Mkwe nimlishe kiporo?" Bibi alinong'ona. "Wakijua, Zuhura ndiyo basi tena."

Kwa Bibi, kumpa mkwe chakula cha jana ilikuwa sawa na kumwambia humtaki.

Mama alichochea moto. Alinikalisha kwenye mbuzi nikakuna nazi. Yeye akachambua nyama kwenye mifupa, akazikata chapati vipande vyembamba kama tambi, akakaanga vitunguu, nyanya na tangawizi, akamimina tui, kisha akazitumbukiza chapati zikanywa mchuzi mpaka zikalainika. Harufu ikatoka mpaka uani. Watoto tukaonywa: tukiulizwa kimepikwa nini, hatujui.

Sahani zilikwenda barazani zikarudi tupu, tukaanza kupumua. Mara Bi Mwajuma, mama wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akainuka akaja mwenyewe jikoni. Mgeni wa posa haingii jikoni. Mama alibaki ameshika upawa hewani.

"Mwanangu," Bi Mwajuma akasema, "chapati hizi za jana."

Mama hakujua kudanganya. "Ndiyo, mama. Tuliwapikia jana, hamkufika."

Nikamwona Bibi amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilitamani ardhi itumeze sote. Bi Mwajuma akavuta kigoda, akakaa.

"Basi na pilau lilikuwapo. Ukoko mmeutupa?"

"Upo."

"Lete huku. Kule barazani wananipa kijiko, nitashiba saa ngapi?"

Akala ukoko kwa mkono, humo humo sufuriani, huku akimwelekeza Mama kwamba siku nyingine chapati azikamulie ndimu. Bibi akakaa chini pale mlangoni na nguo yake ya Idd, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, mpaka Mama akaanza kucheka. Shangazi alisikia kicheko kule chumbani, akaja kuchungulia. Bi Mwajuma akamwita kwa jina, akamsogezea sufuria wale pamoja. Mimi nilijikuta nalia, na nilikuwa na furaha tupu. Kabla mvua hazijakatika, shangazi alikuwa ameshahamia Maneromango.

Siku hizi mambo ni mepesi, nami nashukuru, maana presha ile sitaki kuirudia. Wageni wanapiga simu wakitoka kwao, wanapiga tena wakikaribia, na nyama unaipata hata jioni ya Idd. Binti yangu alipoposwa, wakwe walifika saa ile ile waliyosema. Chakula kililetwa na mpishi wa kukodi, kikapangwa mezani kwenye vyombo vinavyong'aa, vijana wakarusha picha mitandaoni kabla hatujanawa mikono. Hakuna kilichoharibika. Mama mkwe wa binti yangu alikula kwa uma, akafuta mdomo, akashukuru vizuri sana. Mpaka leo mwanamke yule namjua sebuleni tu.