Jua la Mchakamchaka Limenipunguzia Ng'ombe

(Jina na kijiji cha aliyetuandikia tunavihifadhi.)

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, nakaa kwetu upande wa Nkoma, wilaya ya Bariadi. Nimemaliza kidato cha sita na jeshini nimepita kwa mujibu wa sheria. Gazeti lenu lilinifikia likiwa limefungiwa sukari, nikaona ukurasa huu watu wanatoa yao ya moyoni na hawachekwi. Na mimi naomba niyatoe, maana yananikaba.

Nikiwa kambini, afande mmoja wa kike aliniona nakimbia akaniambia, "Wewe usiishie hapa. Omba uofisa. Ila mwili uje tayari, pale hatumbembelezi mtu." Nikaomba, nikaitwa kwenye usaili. Pamba ikishavunwa natakiwa kwenda kupimwa: kukimbia, kupanda kamba, kutembea na mzigo mgongoni. Nimeupania usaili huo kuliko mtihani wowote. Sharti lao jingine, msichana aliyeolewa hawamchukui.

Sasa, nikiwa hukohuko kambini, baba alipokea ng'ombe wa mahari yangu. Aliyewatoa ni kijana anayenunua pamba kwa niaba ya kampuni ya watu binafsi, hizi zilizoingia ushirika ulipolegea. Ana mizani, ana pikapu, na sina ubaya naye. Kwetu msichana mweupe anaongezewa ng'ombe kwa ajili ya rangi, na mimi nilizaliwa mweupe, basi baba akatamba kijiji kizima. Lakini zizini kwetu hao ng'ombe hawakukaa. Baba aliwaswaga moja kwa moja kwenda kumwolea kaka yangu mke. Niliporudi na begi langu, nikakuta nina mchumba, na nina wifi.

Huyu wifi ndiye rafiki yangu wa kweli. Alfajiri ananiamsha yeye. Ananifungia mgongoni mfuko wa mchanga kwa kanga, napiga mchakamchaka peke yangu barabara ya mashambani mpaka jua linawaka. Wapita njia wananisalimia, "Mwangaluka," huku wanatafuta kwa macho ng'ombe wanayedhani namkimbiza. Nikirudi, wifi anakaa juu ya miguu yangu nifanye mazoezi ya tumbo, ananihesabia. Anachanganya Kisukuma na Kiswahili, akipotea ananianzishia moja upya, nadhani mara nyingine anafanya makusudi.

Jua la huku mnalijua. Palizi ilipokwisha nilikuwa nimeungua, nimekuwa mweusi tii, mikono imekakamaa. Ndipo siku moja shangazi wa mchumba wangu akaja na mshenga bila taarifa. Wakanikuta uani, magoti yana michubuko, jasho linanitoka, mfuko bado uko mgongoni. Shangazi alinishika mkono akaugeuza, akapandisha mkono wa gauni langu mpaka begani akitafuta rangi. Kisha akamwambia baba, "Huyu siye tuliyemtolea ng'ombe. Ng'ombe wa weupe warudi, au mumrudishie weupe."

Kusema kweli nilifurahi. Wageni walipoondoka nikamwambia baba, "Basi warudishieni wote, na mimi niende jeshini." Baba hakupandisha hata sauti. Aliniuliza, "Warudi kutoka wapi? Ng'ombe wako kwa baba yake wifi yako. Nikienda kuwachukua, na yeye anarudi kwao, na hiyo mimba aliyobeba. Wewe ndiye utakayemwambia?"

Wifi alikuwa palepale uani anapepeta mahindi. Alisikia yote na hakuinua uso.

Tangu siku hiyo nimewekwa ndani ili ning'ae tena. Nisiteke maji, nisiende shambani, nisisimame juani. Wenzangu wangeona raha, mimi nalia. Mama ananinywesha maziwa na kunipaka samli, ananiambia, "Mayu, mama yangu, tulia kivulini, rangi itarudi." Baba alinikuta sakafuni napiga pushapu akasema, "Jeshi la nini, mwanangu? Pamba siku hizi ni ya mwenye mizani, na mizani imekuja yenyewe kuoa hapa." Akatoka anacheka. Wananipenda wote, na hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu sina hata wa kumchukia.

Tumbo la wifi limekuwa kubwa, lakini kila asubuhi bado anaingia na beseni kana kwamba analeta maji ya kuoga. Anauegemea mlango ajifungie na mimi, ananihesabia kwa kunong'ona. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini ananisaidia wakati nikifaulu mimi, atakayefukuzwa ni yeye. Akasema, "Wifi, ukiacha kwa ajili yangu, si nitakuwa nimekukalia miguu maisha yako yote?"

Pamba imeanza kupasuka. Nikienda, kaka yangu anabaki bila mke na mtoto atazaliwa kwa babu yake. Nikibaki, nitaolewa na mtu asiye na kosa, na kila nitakaposikia watu wanakimbia mchakamchaka nitaingia ndani nifunge mlango. Nimefikiria kutoroka, nimefikiria kumwendea mchumba mwenyewe nimwombe awasamehe ng'ombe, lakini nani anasamehe ng'ombe? Usiku silali, mchana nimefungiwa, na mwili huu niliouandaa unalegea kwa maziwa.

Barua hii itapelekwa posta na wifi siku ya mnada. Sikutaka kumficha, nikamsomea yote mpaka hapa. Alishika tumbo akasema, "Ongeza na hili, kwamba mimi sijakukataza."

Nimeongeza. Sasa nawauliza ninyi msomao, mnishauri kama ndugu: mtu ambaye hajakatazwa anaondokaje?